Mhariri, andikeni na nauli ya kufika kisiwani, sio bei ya chumba tu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari nausoma kila Jumamosi na naupenda kweli, ila ile makala ya visiwa vya Maldivi mliyoitoa juzi kati imenifanya nikae chini niandike maana imenigusa mahali panapouma. Mmetaja bei ya chumba kwa usiku, mmetaja tiketi ya ndege, mmeweka na picha nzuri ya zile nyumba za juu ya maji, halafu safari ya kutoka uwanja wa ndege mpaka hotelini mmeimaliza kwa mstari mmoja, kwamba hoteli itakuandalia usafiri. Basi, mkaendelea na mambo ya samaki na matumbawe. Mimi huo mstari mmoja ndio ulionigharimu kuliko chumba chenyewe, na najua kuna msomaji sasa hivi kashika gazeti anapiga hesabu na hiyo sehemu hajaiweka kabisa, kama sisi tulivyofanya.

Niwaeleze ilivyokuwa. Mama yetu alistaafu, mimi na dada yangu tukasema huyu mama katulea peke yake hajawahi kwenda mahali popote kupumzika tu, tumpeleke aone bahari ya namna ile walau mara moja. Tukaweka akiba miaka miwili. Dada yangu ndiye mtunza daftari, kila mwezi anaandika nani katoa ngapi, yaani kitu kilipangwa sio cha kukurupuka. Tukatafuta hoteli wiki nzima mpaka tukapata moja ina kisiwa chake, chumba cha vitanda vitatu dola 210 kwa usiku, usiku nne ni dola 840. Tukafurahi sana kwa sababu tulishaona za dola 600 na 700, tukasema hii ndiyo riziki yetu, tukalipa hapo hapo kwa kadi na pesa yenyewe ni ya kutorudishwa. Tiketi za ndege tukanunua siku ya pili yake, tukachagua ile ya bei ya chini ambayo inatua jioni.

Wiki mbili mbele imeili ikaja kutoka hotelini na invoisi ndani yake. Usafiri wa ndege ya kutua majini, dola 480 kwa kila mtu mzima kwenda na kurudi, watu wazima watatu ni 1,440, juu yake kodi asilimia 17, jumla dola 1,684 na senti 80. Nikaisoma mara tatu nikidhani wamekosea wameweka na chumba humo humo. Nikampigia dada. Dada akafungua daftari lake akanyamaza muda mrefu kisha akasema hii ni chumba mara mbili. Na kweli, piga hesabu mwenyewe, 840 mara mbili ni 1,680.

Sasa mtu atasema si mngetafuta njia nyingine ya kufika. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi kisiwa kidogo cha kitalii kinavyofanya kazi, na mimi sikuelewa mpaka yaliponikuta. Maldivi ni visiwa kama 1,200 hivi, wenyeji wanaishi kwenye visivyofika 200, na hizi hoteli kubwa kila moja iko kisiwa chake peke yake. Uwanja mkubwa wa Velana nao uko kwenye kisiwa, kinaitwa Hulhulé, jirani na mji mkuu Malé. Tangu 2018 kuna daraja la Sinamalé linalounganisha Malé na uwanja na kisiwa cha makazi cha Hulhumalé, kwahiyo ukibaki maeneo hayo unapanda teksi au basi kama mji wowote. Ukitoka hapo ni bahari tu. Huwezi kutoka nje ukaangalia nani ana bei nzuri, maana gati la kule unakokwenda ni la hoteli, na anayeruhusiwa kukushusha pale ni yule waliyeingia naye mkataba. Nauli utakayolipa ni ile waliyoipanga wao, na wewe ulishafunga mlango wa kukataa siku uliyolipia chumba.

Kuna njia tatu kubwa na ukizijua hizi bajeti yako inabadilika kabisa. Kama hoteli iko karibu na Malé, zile za atoli (yaani kundi la visiwa vilivyojipanga kama duara) ya Malé Kaskazini na Malé Kusini, unachukuliwa na spidiboti na hiyo inaenda usiku na mchana, bei yake mara nyingi ni ya chini kuliko ndege japo sio rahisi kama unavyodhani. Kama iko mbali, ni ndege ya kutua majini. Na kama iko mbali zaidi, au umechelewa kutua, kuna ndege ya ndani ya kawaida inayotua kwenye kiwanja cha nchi kavu kama Dharavandhoo au Kooddoo au Gan kule kusini kabisa, halafu unamalizia na boti. Hii ya tatu watu huikwepa kwa sababu haina picha nzuri, lakini ina faida moja kubwa, inaweza kuruka giza likishaingia.

Hizi ndege za majini zinaruka mchana tu mhariri! Rubani anatua kwenye maji kwa macho yake, hakuna taa za njia ya kurukia baharini, kwahiyo jua likikaribia kuzama zote zinalala. Ndege ya mwisho inabidi iwe imefika na kurudi kabla ya giza, ndio maana hoteli nyingi zitakwambia ukitua Velana baada ya saa tisa na nusu alasiri usitegemee kuunganisha siku hiyo hiyo. Sisi ile tiketi yetu ya bei rahisi ilitua saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Tuliokoa kama dola 40 kwa kila mtu kuchukua ile ndege ya jioni badala ya ile ya asubuhi, halafu tukalazimika kulala Hulhumalé, chumba dola 85, teksi kwenda, teksi kurudi, chakula cha usiku watu watatu, na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba usiku wa kwanza wa kule kisiwani tulishaulipia, kitanda kimetandikwa kinatusubiri na sisi tumelala kwingine. Ukizijumlisha hizo zote, ile dola 120 tuliyookoa watatu imeliwa yote na zaidi ya hapo.

Nje ya mlango wa wanaofika pale Velana kuna safu ya kaunta zenye namba, kila hoteli na kaunta yake, unatafuta jina la hoteli yako unakwenda. Jioni ile mbele yetu walikuwa mtu na mkewe wazee kiasi, wamechoka, yule mama kakaa juu ya sanduku, mume anamuonyesha kijana wa kaunta karatasi ya malipo na kijana anamweleza kwa upole kabisa kwamba ndege za leo zimekwisha. Yule mzee alikuwa anarudia kitu kimoja tu, nimelipa, nimelipa, na ni kweli alilipa. Kijana hakuwa na kosa, na yule mzee hakuwa na kosa. Aliyemuuzia ile safari ndiye alitakiwa amwambie saa ngapi ndege ya mwisho inaruka, na hakumwambia, na wala sisi hatukuambiwa na wakala wetu ambaye simtaji jina ila ajue amenisikia.

Kesho yake asubuhi tulirudi uwanjani saa mbili. Ratiba ya hizi ndege haipangwi kama ya ndege kubwa, wanakusanya abiria wa siku ile kulingana na nani anatua saa ngapi na anakwenda upande gani, kwahiyo muda wako kamili unaujua jana yake jioni au siku yenyewe. Sisi tulipewa saa saba mchana. Masaa matano! Mama alikuwa na subira kuliko sisi wote, alikaa dirishani kwenye ile terminali yao ya upande wa pili wa kisiwa anaangalia ndege zinavyoteleza kwenye maji zinakuja zinafungwa kamba kama boti. Lakini mwenye mtoto mdogo ajue kwamba hayo masaa anaweza kuyapata, aweke hela ya chakula na maji hapo kwenye bajeti, bei za uwanjani ni bei za uwanjani dunia nzima.

Halafu mizani. Ndege kubwa ilituruhusu kilo 30 kila mtu na sisi tukazitumia. Ndege ya majini wanakuruhusu 20 za sanduku na 5 za mkononi, na wanapima kweli, sio mchezo, hata pochi ya mama iliwekwa juu ya mizani. Kumbe mama kabeba chupa mbili za mafuta ya mwili na viatu jozi nne, begi la mkono likasoma 7.4. Dada akafungua begi pale pale watu wanapita, akamvua mama ndala akamvalisha viatu vizito, koti likavaliwa kwenye lile joto, na bado tulilipia kilo sita za masanduku. Nawaelewa kwa nini wanapima, kile kindege ni kidogo, ni Twin Otter ya watu kama 15, uzito ni suala la usalama. Lakini hiyo kilo 20 ilitakiwa niijue nyumbani wakati napanga nguo. Pale kaunta nimeshachelewa.

Niseme haki pia, maana sitaki ionekane nalalamika tu. Ile safari yenyewe ni nzuri ajabu. Marubani peku peku, kweli kabisa hawana viatu, unapewa vizibo vya masikio kwa sababu ya kelele, inaruka chini chini unaona visiwa vyote kama vimechorwa, na mama alinishika mkono dakika zote 45, tulisimama hoteli mbili tukashusha watu kabla ya yetu na kila ikigusa maji alikuwa anasema Alhamdulillahi kwa sauti. Na sidhani kama hiyo nauli ni wizi mtupu. Hebu fikiria, ndege ya watu 15, marubani wawili na mhudumu mmoja, mafuta yote yanaagizwa kutoka nje ya nchi, ndege inashinda kwenye maji ya chumvi ambayo yanakula chuma kila siku kwahiyo matengenezo hayaishi, na inafanya kazi masaa ya jua tu. Hiyo haiwezi kuwa bei ya basi. Ugomvi wangu mimi ni kwamba bei hiyo iliwekwa mahali ambapo mtu anaiona akiwa ameshalipa. Kwenye ukurasa wa hoteli ipo, nilirudi nikaitafuta, ipo chini kabisa kwenye maandishi madogo kwamba usafiri wa lazima haujajumlishwa. Wa lazima, halafu haujajumlishwa! Kama ni wa lazima basi ni sehemu ya bei, sioni kwa nini usiandikwe pale pale juu kwenye dola 210.

Na sio Maldivi tu ndio maana naandika hii barua ndefu. Nilivyorudi nimekuwa mtu wa kufuatilia haya mambo, kila kisiwa nikikiona nauliza uwanja uko wapi. Boracay kule Ufilipino, kisiwa chenyewe hakina uwanja, unatua Caticlan kisiwa cha jirani halafu unavuka na boti dakika chache, lakini tiketi za bei rahisi nyingi zinatua Kalibo na kutoka Kalibo mpaka gati la Caticlan ni karibu masaa mawili ya gari. Na pale gatini hulipi kitu kimoja, unalipa ada ya kituo, ada ya mazingira, nauli ya boti, ukivuka unatafuta kibajaji cha umeme kikupeleke hotelini. Kila kimoja kidogo, hakuna kinachoshtua, lakini familia ya watu watano kwenda na kurudi inajikuta imetoa hela ya usiku mmoja wa hoteli bila kuhisi. Bora Bora kule Polinesia ya Ufaransa nayo uwanja uko kwenye kisiwa kidogo pembeni kinaitwa Motu Mute, ulijengwa na Wamarekani wakati wa vita kuu ya pili, kuna boti ya shirika la ndege inakupeleka Vaitape, mji wa kisiwa chenyewe, bila malipo ya ziada, ila zile hoteli za juu ya maji hazipo Vaitape, zina boti zao na boti zao zina bei zao. Koh Samui Thailand ina uwanja wake hapo hapo kisiwani, lakini uwanja ni mali ya shirika moja la ndege, Bangkok Airways, na tiketi za kutua pale mara nyingi ziko juu, kwahiyo wenye muda wanatua Surat Thani nchi kavu wanapanda basi halafu feri. Kila kisiwa na mtindo wake, na kila mmoja una bei mbili, ya pesa na ya muda.

Bei ya muda nadhani ndiyo watu wanaisahau zaidi. Ukiwa na siku nne na umepoteza nusu siku ya kwenda na nusu siku ya kurudi, hizo ni siku tatu. Kurudi kwetu ndege kubwa ilikuwa inaondoka saa tano asubuhi, kwahiyo ndege ya majini ikatuchukua alfajiri jua linachomoza, chai ya asubuhi tuliyoilipia hatukuinywa, tukafungiwa mkate kwenye karatasi. Ingekuwa ndege yetu kubwa ni ya saa mbili asubuhi ingebidi tuondoke kisiwani jana yake mchana, tulale tena Hulhumalé, usiku mwingine wa kulipia mara mbili. Mtu anayenunua tiketi bila kuangalia hilo anaweza kulipia usiku mbili za vyumba viwili kwa wakati mmoja, mwanzo na mwisho wa safari.

Kodi nazo zipo. Tangu Julai 2025 kodi ya utalii Maldivi ni asilimia 17, hoteli inaongeza na asilimia 10 ya huduma kwenye bili, halafu kuna kodi ya mazingira ambayo tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa mtu kwa usiku kwenye hizi hoteli za visiwa vyao, nyumba ndogo za wageni kwenye visiwa vya wenyeji zenye vyumba visivyozidi 50 ni dola 6. Watu watatu usiku nne ni dola 144, hiyo nayo ilikuja kwenye bili ya mwisho. Ada za kuondoka uwanjani hizo zipo ndani ya tiketi tayari, usilipe mara mbili kama kuna mtu anakudai.

Sasa kama mtu hela yake sio ya ndege ya majini, asikate tamaa, na hili ndilo ningependa makala yenu ingelisema. Tangu 2009 serikali ya Maldivi iliruhusu nyumba za wageni kwenye visiwa vya wenyeji, na kisiwa kama Maafushi kimejaa hizo nyumba. Spidiboti ya abiria ya kuchangia kutoka uwanjani mpaka Maafushi ni kama dola 25 hivi kwa mtu kwa njia moja, chini ya saa moja umefika. Kuna na feri ya umma kutoka Malé ambayo ni dola chache mno, inatembea polepole saa na nusu hivi, na Ijumaa huwa haitembei, kwahiyo angalia siku unayotua ni siku gani. Sisi watatu kwa spidiboti ingekuwa dola 150 kwenda na kurudi. Linganisha na 1,684. Bahari ni ile ile, ukitaka kuona kisiwa cha hoteli unanunua tiketi ya siku moja unakwenda unarudi jioni. Dada yangu aliliona hili tukiwa tumeshakaa kule, akiwa na simu yake kitandani usiku, akaniambia kwa sauti ya chini ili mama asisikie kwamba kwa hela hii mama angekaa siku kumi na mbili badala ya nne. Sikumjibu. Hilo neno bado liko kichwani kwangu mpaka leo, siku kumi na mbili.

Kwahiyo tumebadilisha namna ya kupanga. Daftari la dada sasa linaanza na safari ya mwisho, ile fupi, kabla ya chumba na kabla ya tiketi. Tunatuma meseji hotelini kabla ya kulipa hata senti moja na tunauliza maswali yale yale: nauli ya kutoka uwanjani ni ngapi kwa mtu mmoja kwenda na kurudi na kodi ikiwa ndani, ya mwisho inaondoka saa ngapi na ya kwanza asubuhi saa ngapi, kilo ngapi, mtoto anahesabiwa mtoto mpaka miaka mingapi maana hapo kila hoteli ina umri wake, na ndege yetu ikichelewa usiku huo nani analipia malazi. Hili la mwisho hoteli nyingi hazipendi kulijibu lakini uliza, na jibu liwe la maandishi. Halafu unachukua nauli yote unaigawa kwa usiku unaokaa unaijumlisha kwenye bei ya chumba. Hoteli yetu ya dola 210 kwa hesabu hiyo ilikuwa ya dola 631 kwa usiku. Kulikuwa na nyingine tuliiacha ya dola 340, iko karibu na uwanja, boti yake dola 110 kwa mtu kwenda na kurudi, hata ukiongeza kodi ile ile ya asilimia 17 kwenye boti haifiki dola 440 kwa usiku, na tungefika hata usiku wa manane. Tuliiruka tukisema ni ghali. Na ukikaa siku nyingi nauli inapungua uzito, mtu wa usiku kumi anaweza kuimudu ndege ya majini kirahisi kuliko mtu wa usiku tatu, kwahiyo kama mna siku chache kaeni karibu na uwanja.

Ombi langu kwenu mhariri ni dogo na halihitaji hela. Mkiandika kisiwa chochote, pale pembeni mnapowekaga kile kiboksi cha bei, ongezeni mistari miwili, nauli ya kutoka uwanjani kwa mtu mzima kwenda na kurudi, na saa ya mwisho ya kutua ili uweze kuunganisha siku hiyo hiyo. Na matangazo ya hoteli na mawakala mnayoyachapa, waambieni waweke bei ya kufika sio ya kulala tu, mna nguvu hiyo kwa sababu wanataka ukurasa wenu. Wapo wasomaji wenu wanaoweka akiba mwezi kwa mwezi kama sisi, hawana pa kukopa wakiwa pale kaunta, sisi tulibahatika dada alikuwa na hela ya ada ya chuo ya muhula unaofuata kwenye akaunti ndiyo tukaitumia na tumeirudisha kwa shida miezi saba. Mama hajui mpaka leo, alirudi na matumbawe kwenye picha za simu anawaonyesha watu, sitaki ajue, ndiyo maana jina langu naomba msilichape.

Barua najua ni ndefu. Mkitaka kuipunguza kateni ya viatu vya mama na ya mkate wa kwenye karatasi, ila ile ya saa tisa na nusu alasiri iacheni ilivyo.

Msomaji wenu wa kila Jumamosi